Usingizi wa pono: uzi wa wanaofuga, na wanaotaka kufuga, pono wadogo wa rangi kwenye tangi la matumbawe

Mwambao (mwanzisha uzi, Dar)

Wakuu salaam.

Maswali kuhusu samaki wa maji chumvi yamekuwa mengi humu, na mengi yanaangukia kundi moja: wale samaki wadogo wembamba wenye rangi kali wanaokatiza kati ya matumbawe kutwa nzima bila kutulia. Kitaalamu ni jamii ya Labridae, yenye spishi zaidi ya 500. Pono na kangu tunaowala ni jamaa zao wa karibu, kwa hiyo nitawaita pono wadogo ili tuelewane. Ninaowazungumzia hapa wakikomaa wanaishia kwenye sentimita 8 hadi 13 hivi.

Kila anayeniuliza anaanza na rangi. Mimi naomba tuanze na usingizi. Tunasema mtu "kalala usingizi wa pono", na waliowahi kuingia mwambani usiku na taa wanajua msemo huo umetoka wapi. Pono wadogo nao wanalala fofofo, lakini hawalali namna moja, na namna anavyolala ndiyo inayokuambia ujenge tangi la aina gani.

Wako wanaolala mwambani. Hapa kuna Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus. Taa zikififia anaingia kwenye tundu lake na kujifunika kifuko cha ute mwembamba. Asubuhi unaweza kuona vipande vya ute vikielea, usidhani ni ugonjwa. Kwa kangu, utafiti umeonyesha kwamba kifuko hicho huwakinga na vimelea wanyonya damu wanaotembea usiku. Hawa wanahitaji mawe yenye mapango na nyufa nyingi kuliko idadi yao, maana wawili hawagawani tundu kwa amani.

Wako wanaolala mchangani: Halichoeres, Macropharyngodon, Anampses, Coris. Hawa jioni wanapiga mbizi ya kichwa na kutoweka. Ukimweka kwenye tangi lenye sakafu tupu atajigonga kwenye kioo usiku kucha mpaka mdomo uchubuke, na mdomo ukichubuka hali tena. Mchanga uwe laini, kina kisipungue sentimita 5, na eneo liwe wazi, mawe yasikalie sakafu yote. Changarawe za matumbawe yaliyopondwa zina makali, hazifai.

Jambo hili la mchanga linawachanganya wengi wiki ya kwanza. Samaki mgeni anazama na haonekani siku mbili, tatu, hata zaidi. Watu wanaanza kuchimba. Msichimbe! Samaki anafuata jua la alikotoka. Aliyetoka Bali, huko wako saa 5 mbele yetu. Jua likizama kwao, hapa Dar ni saa saba mchana. Basi saa saba mchana analala, na anaamka usiku wa manane wakati tangi ni giza. Muache, saa yake itakaa sawa yenyewe. Hii ni moja ya sababu za kuwapenda samaki wa bahari yetu wenyewe: mapambazuko yao na yetu ni yale yale.

Jambo la pili ni wavu. Pono hawa huruka. Taa ikiwashwa ghafla gizani, mwenzake akimfukuza, au usiku wake wa kwanza kwenye tangi jipya, anachupa juu, na tundu dogo la kupitishia waya wa pampu linamtosha kutoka. Naamini wavu uliokosekana umeua pono wengi kuliko maradhi. Nunueni wavu kabla ya samaki: laini, usio na rangi, wa matundu ya milimita 6. Mpelekee fundi wa madirisha ya alumini vipimo vya tangi, akukatie fremu ile ile anayotumia kwa nyavu za mbu, aukaze humo. Kioo kizima juu sikishauri kwa joto letu la pwani, kwa sababu kinazuia mvuke na maji yanachemka.

Joto la maji nalenga 25 hadi 27. Chumvi 1.025 kwenye kipimo, yaani kama gramu 35 kwa kilo ya maji. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zisomeke 0, na tangi jipya lisubiri wiki 4 hadi 6 bakteria wanaozila wakae kabla samaki wa kwanza hajaingia. Ukubwa wa tangi: Cirrhilabrus na Halichoeres wapeni lita 250 kwenda juu na urefu wa kuogelea, maana ni samaki wa mwendo. Mwenye tangi dogo la lita 80 amtafute Wetmorella nigropinnata, mpole, mwenye haya, hapiti sentimita 8, anayetambaa mapangoni akitafuta wadudu. Naye yupo kwenye miamba ya Afrika Mashariki.

Nyuzi nyingi za wenzetu wa nje zinasifu samaki wa Ufilipino na Indonesia tu. Nataka humu tuwajue wa kwetu. Nitaendelea, karibuni.

---

Mzamiaji_Unguja

Mwambao, asante sana kwa uzi huu. Mimi kazi yangu ni kuwapeleka wageni chini ya maji, upande wa mashariki na Mnemba, naomba niongeze ninachokiona.

Cirrhilabrus exquisitus tunaye. Aliyempa jina la kisayansi, mwaka 1957, ni J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, yule yule aliyempa jina silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka. Utamkuta ukingoni mwa mwamba penye mkondo, kwenye vifusi vya matumbawe, kundi la majike likielea juu kidogo ya sakafu na kudaka vijidudu vinavyoletwa na maji. Dume yuko pembeni yao. Kuna wakati rangi zake zinawaka ghafla: anatandaza mapezi yote, mwili unabadilika kijani na wekundu na buluu ya kung'aa, anapita mbele ya majike kwa kasi, kisha zinazimika. Sekunde chache tu. Wageni wengi wanamkosa kwa sababu wanatafuta kasa.

Kwa hiyo mnapojenga tangi, kumbukeni mkondo. Samaki huyu hakuumbiwa maji yaliyotulia.

---

Mwambao

Dada Mzamiaji, hapo kwenye mkondo umenena. Na umenikumbusha habari ambayo kila Mtanzania anayependa samaki anapaswa kuijua.

Mwaka 2019 lilitangazwa pono jipya kwa sayansi, Cirrhilabrus wakanda, kutoka miamba ya giza mashariki mwa Zanzibar, kina cha mita 50 hadi 80. Waliomwandika ni Yi-Kai Tea, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha, waliokuwa California Academy of Sciences. Jina wamelitoa kwa ile nchi ya kubuni ya Kiafrika kwenye hadithi za katuni, nchi iliyofichika isionekane na dunia. Zambarau yake ni kali kiasi kwamba haipotei hata samaki akihifadhiwa kwenye spiriti, wakati samaki wengi wanapauka.

Mzamiaji wa kawaida haruhusiwi kupita mita 40. Watafiti walishuka na vifaa maalumu vinavyosafisha na kurudisha hewa wanayopumua. Samaki huyu ameishi mlangoni mwetu miaka yote na hatukumjua, na kuna miamba mingi ya kina hicho kuanzia Pemba mpaka Mafia ambayo haijatazamwa na mtu.

---

Kijana_wa_Arusha

Wakuu, nawasoma kwa hamu. Mimi niko Arusha, bahari naiona nikienda Tanga likizo. Je, inawezekana huku? Au niachane nayo tu?

---

Mwambao

Inawezekana, mkuu. Zingatia mambo matatu ambayo mtu wa Dar hayamsumbui.

Maji utayatengeneza mwenyewe: chumvi maalumu ya matangi, siyo ya mezani, gramu 35 hivi kwa lita, ndani ya maji yaliyopita kwenye chujio la osmosisi. Maji ya bomba ya Arusha msiyaamini kwa hili, ukanda wenu una floridi nyingi na madini mengine. Maji yakipungua kwa mvuke, unaongeza maji matamu yaliyochujwa, siyo ya chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini.

Usiku wenu una baridi, hita ni lazima. Tumia mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikigoma kuzima isiwapike samaki.

Na la mwisho ni mwinuko. Arusha mko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata maji yaliyotikiswa vizuri yanashika oksijeni pungufu kuliko ya pwani. Elekeza pampu moja uso wa maji ucheze muda wote, na weka samaki wachache kuliko vitabu vinavyoruhusu.

Kwetu tunachota baharini, na hapo pia kuna utaratibu. Nendeni siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, upande wa bahari wazi. Msichote ndani ya bandari wala karibu na mlango wa mto, na wakati wa masika msichote kabisa mpaka bahari isafike. Maji yapitishwe kwenye kitambaa cha kuchujia na yakae gizani siku kadhaa huku yakizungushwa na pampu.

---

Mvuvi_Shimoni

Hamjambo nyote. Nimeuona uzi huu nikasema leo nichangie, maana kuvua samaki wa mapambo ndiyo riziki yangu, na nimeifanya tangu ujanani. Nitawaeleza upande ambao mnunuzi haoni.

Sisi tunavua kwa nyavu. Unatandaza wavu mdogo kando ya mwamba, unamsukuma samaki taratibu, unamkinga kwa kimia cha mkono. Pono ni mgumu kuliko samaki wengi kwa sababu ana mbio na anazama mchangani akikuona. Sehemu nyingine za dunia kumetumika sianidi kuwalewesha, na samaki wa sianidi anakuja mzuri wa rangi, anakula, kisha anakufa wiki chache baadaye ini limeharibika. Mnunuzi aulize samaki amevuliwaje. Akijibiwa kwa kubabaika, aache.

La pili ni kupandishwa. Samaki aliyevuliwa kina kirefu akiletwa juu upesi, kile kibofu chake cha hewa kinavimba. Muangalie akiwa dukani. Akiogelea mkia juu kichwa chini, au akipambana kubaki chini kama anayevutwa kwenda juu, kibofu kimeumia. Usimnunue hata kwa bei ya kutupa. Angalia na tumbo kwa upande: likiwa limebonyea ndani nyuma ya mapezi ya kifuani, ana njaa ya siku nyingi. Mwambie muuzaji amlishe mbele yako.

Kisha mipaka. Kisite, karibu na Shimoni huku kusini mwa pwani ya Kenya, ni hifadhi tangu miaka ya 1970 na humo hakuna kuvua kabisa. Mpunguti ya jirani inaruhusu uvuvi wa asili tu. Mtu akikuletea samaki na kukwambia kamtoa Kisite, huyo anaiba kwa watoto wetu. Miamba ile ndiyo inayotuzalia samaki tunaowavua nje.

---

Mwambao

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa niaba ya wote. Wadau, ujumbe huo wa Mzee wa Shimoni uhifadhini. Ndivyo samaki anavyochaguliwa dukani, sina cha kuongeza.

Ila niseme kuhusu matumbawe yenyewe, kwa kuwa kuna aliyeniuliza pembeni kama anaweza kung'oa kipande Kigamboni. Hapana. Matumbawe yote magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyang'oa mwambani ni kubomoa nyumba ya samaki hawa hawa tunaodai kuwapenda. Tafuteni vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya wafugaji. Tumbawe laini linakatwa na linaota tena, mfugaji mmoja anaweza kuwagawia kumi.

---

Bint_Matrah

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Muscat. Nyumba yetu tunasema Kiswahili cha Unguja, na tangi liko sebuleni.

Naomba tumzungumze Pseudocheilinus hexataenia, huyu wa zambarau mwenye mistari sita ya rangi ya chungwa. Anapatikana tangu Bahari ya Shamu, Afrika Mashariki, mpaka katikati ya Pasifiki, na ni rahisi wa bei, basi kila anayeanza anamnunua. Uzuri wake siukatai. Sentimita 8 tu, macho ya ajabu, anachungulia kila ufa na kula minyoo bapa na vikonokono vinavyonyonya chaza. Lakini ni mkali! Kwa jirani yangu alikuwa wa kwanza kuingia tangini, akalimiliki lote. Kila samaki mgeni alifukuzwa mpaka akaacha kula. Walilazimika kutoa mawe yote ili kumnasa.

Ushauri wangu: akiwa lazima, aingie mwisho kabisa, tangi liwe kubwa, na msimchanganye na Paracheilinus au Wetmorella. Hao ni wapole, hawamwezi.

Na swali kwa Mwambao: huku kiangazi nyumba ikikosa kiyoyozi nusu siku, tangi linafika 31. Nyinyi Dar mnafanyaje Februari?

---

Mwambao

Wa alaykum salaam Bint Matrah. Hilo la mistari sita nalikubali moja kwa moja. Mimi siwashauri wanaoanza wamchukue kabisa.

Kuhusu joto, sisi tunatumia feni. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji inashusha nyuzi 2 mpaka 4 kwa nguvu ya mvuke, na hapo ndipo wavu wa juu unapoonekana bora kuliko kioo. Feni inataka hewa kavu kidogo ili ifanye kazi, kwa hiyo siku za unyevunyevu mwingi inachoka. Kwenu Muscat kiangazi mashine ya kupooza maji ndiyo dawa. Umeme ukikatika, cha kuokoa kwanza ni hewa: pampu ndogo ya betri ya kutoa viputo iwe tayari imechajiwa, maana maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na pono anatumia nyingi. Msilishe mpaka umeme urudi.

Umetaja macho, nami nisilipite. Pseudocheilinus, Cirrhilabrus na Paracheilinus wana konea (ule utando angavu wa mbele ya jicho) iliyogawanyika sehemu mbili, ukimtazama kwa karibu ni kama ana mboni mbili kwenye jicho moja. Inadhaniwa inafanya kazi ya lenzi ya kukuza. Anaona mdudu mdogo mno akielea mbele ya pua yake. Ukimwona anasimama ghafla, anageuza jicho, anadonoa kitu usichokiona, ndiyo hayo macho.

Na samaki mwenye macho ya namna hiyo hula kidogo kidogo siku nzima. Mlo mmoja wa jioni haumtoshi. Mpeni mara tatu, kidogo. Hapa Dar naona watu wanahangaika kuagiza kamba wadogo wa barafu kutoka nje wakati soko la samaki la feri kuna uduvi. Chukua uduvi mbichi, siyo wa kuanikwa wenye chumvi na mchanga. Osha kwa maji matamu, katakata, gandisha kwenye vitray vya barafu. Mayai ya samaki mabichi yaliyokwanguliwa nayo wanayagombania. Ukipata mayai ya artemia, vijikamba vidogo mno vya maji chumvi, yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu, na Paracheilinus aliyegoma kula kila kitu mara nyingi anaanza na hao kwa sababu wanatembea.

---

Daktari_wa_Tangi

Nimefurahi, ila naona mnamsahau msafishaji, Labroides dimidiatus, mwenye mstari mweusi na buluu. Wakuu, huyu ndiye wa kuwa naye! Samaki wangu walipotoka vidonda vyeupe nilishauriwa nimweke awale wadudu.

---

Mwambao

Mkuu, kwa heshima kabisa, hapa tunatofautiana na naomba unisikilize.

Vidonda vyeupe vinavyoitwa madoa ya bahari vinaletwa na Cryptocaryon irritans, na mdudu huyo anajichimbia chini ya ngozi ya samaki. Msafishaji hamfikii. Chakula chake hasa ni vimelea vidogo vya jamii ya kamba wanaonyonya damu, wa familia ya Gnathiidae, na kazi yake baharini ni kubwa mno: mtafiti Alexandra Grutter alikadiria kwamba samaki mmoja anakula karibu vimelea 1,200 kwa siku. Tangi lako halina vimelea hivyo. Basi anawadonoa wenzake ute mpaka wanamkimbia, kisha anakonda.

Na huko alikotolewa? Kwenye kisiwa cha Lizard, Australia, wasafishaji waliondolewa kwenye baadhi ya miamba kwa muda wa miaka 8 na nusu. Samaki walipungua kwa idadi na kwa aina, na baadhi yao walikuwa wadogo kuliko wa miamba iliyobaki na wasafishaji. Samaki wa sentimita 10 analinda mwamba mzima. Watafiti wa Osaka mwaka 2019 walionyesha hata kwamba akijiona kwenye kioo na alama aliyowekwa kooni, anajisugua chini kuitoa. Mimi nasema tumuache baharini. Anayetaka kumwona aende na Dada Mzamiaji.

---

Mzamiaji_Unguja

Naunga mkono. Vituo vyake navijua kwa majina. Kuna jiwe moja chewa wanapanga foleni, wamefungua vinywa, yeye anaingia na kutoka.

---

Mvuvi_Shimoni

Nami nasema ukweli wangu: oda zake tunaletewa sana, na tunavua kwa kuwa zipo. Oda zikikosekana hatavuliwa. Mnunuzi ndiye anayeamua.

---

Nesi_Minnesota

Habari za huko nyumbani. Mimi ni wa Mombasa, niko Marekani miaka mingi, na upande ninaoupenda kwenye jambo hili ni karantini. Daktari wa Tangi, pole sana na samaki wako, nadhani hiki kitakusaidia kuliko msafishaji.

Kila samaki mgeni akae tangi la pembeni kabla ya kuingia kwenye matumbawe. Tangi tupu, bomba fupi za plastiki za kujificha, chujio la sifongo, na wavu juu. Kwa pono wa mchangani weka bakuli la kioo lenye mchanga. Hapa ndipo watu hawaangalii: mchanga wa bahari au wa matumbawe ni chokaa, na chokaa inanyonya shaba, dawa inayotumika kuua vimelea. Ukitibu kwa shaba, kipimo kitakuwa kinashuka kila siku hujui kwa nini. Tumia mchanga wa silika kwenye bakuli.

Pono wengi hawavumilii shaba ikipandishwa ghafla. Panda polepole kwa siku kadhaa, pima kila siku, akiacha kula simama hapo hapo. Na shaba isiguse kamwe tangi la matumbawe, konokono na kamba wote watakufa. Anayeogopa dawa anaweza kumhamisha samaki kila baada ya saa 72 kwenda tangi jingine lililosafishwa, kukaushwa na kujazwa maji mapya, mara nne. Mdudu wa madoa akidondoka kuzaliana anaachwa nyuma. Ni kazi ya mikono lakini haina sumu.

Kama ugonjwa umeshaingia kwenye tangi kubwa, toeni samaki wote na muliache siku 76 bila samaki. Matumbawe yabaki, konokono wabaki. Najua ni muda mrefu.

---

Daktari_wa_Tangi

Dada Nesi na Mwambao, nimewaelewa. Sikuambiwa haya dukani. Nitaanza na kuhamisha kila saa 72. Na huyu msafishaji niliye naye nimfanyeje sasa?

---

Mwambao

Usimrudishe baharini, mkuu, atapeleka maradhi ya tangini. Mlishe mara nne au tano kwa siku, uduvi uliosagwa na mayai ya samaki, kidogo kidogo. Akishika kula chakula cha mkono anaweza kuishi. Usinunue mwingine tu.

---

Kijana_wa_Arusha

Swali langu la mwisho wakuu. Nimependa Halichoeres iridis, yule mwenye mwili wa damu ya mzee na kichwa cha manjano. Na nimependa Cirrhilabrus exquisitus. Naweza kuwaweka pamoja? Na je, madume wawili wa exquisitus wanakaa?

---

Mwambao

Umechagua vizuri, na wote wawili ni wa bahari yetu. Iridis haishi kwingine duniani zaidi ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Watakaa pamoja bila shida kwa sababu mmoja analala mchangani na mwingine mwambani, mmoja anawinda sakafuni na mwingine anadaka majini. Lita 300 zingependeza. Iridis atakula vikonokono vidogo na kamba wadogo, hilo ulijue mapema. Matumbawe hatayagusa.

Madume wawili wa spishi moja, hapana. Hawa kwa kawaida wanaanzia ujike, na dume ni jike aliyebadilika. Kwenye kundi, dume akifa, jike mkubwa kuliko wote anachukua nafasi yake, tabia kwanza, rangi baadaye. Kwa hiyo usitafute dume kabisa. Nunua majike wawili wadogo, mmoja awe mkubwa kidogo, waingie siku moja. Mkubwa atageuka mwenyewe taratibu na utaona rangi zikiongezeka mbele ya macho yako. Dume aliyenunuliwa tayari kapambwa, akikaa peke yake bila majike na bila wa kushindana naye, rangi hufifia.

Utaratibu wa kuingia kwako: majike wa exquisitus kwanza, wakishakula vizuri na kujua matundu yao ndipo iridis. Taa zizimwe siku ya kuingia. Akizama mchangani muache.

---

Kijana_wa_Arusha

Nimepata. Naanza na fundi wa alumini kesho.

---

Bint_Matrah

Mwambie asiache nafasi pembeni pa kupitishia waya. Akate kona, kisha uzibe kwa sifongo.